Barua kwa Mwenye Bata Bukini

Tanta, 2 Machi 1972

Kwa mjukuu wangu Lutfi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti, na magoti usiniulize. Kikohozi chako je? Kama bado unalala kile chumba cha juu kisicho na dirisha, usinijibu, nimeshajua.

Robota la magazeti yenu ya katuni limefika. Karatasi nzuri, nzito, chumvi haipenyi. Nazichana nakunjia mbegu za tikiti ninazouza hapa mlangoni pa shule. Usinune! Ulitaka niziweke kabatini zitafunwe na panya? Nimeona umemchora tena bata wangu bukini, yule kilema, kajificha nyuma ya pipa. Bata mwenyewe nilimchinja ungali darasa la tatu. Mwanamume wa miaka thelathini na moja anachora bata! Rudi nyumbani, mjomba wako anatafuta mtu wa kuandika vibao vya maduka.

Bibi yako,
Wagida


Kairo, 19 Machi 1972

Bibi yangu,

Nakubusu mkono. Nimecheka mpaka nikakohoa, kwa hiyo jibu la kikohozi umelipata.

Mhariri wetu, Ustadh Muharram, anasema mashujaa wa katuni za kigeni wanaandikiwa barua na wasomaji kwa magunia, mimi hata moja. Ameondoa jina langu chini ya ukurasa, eti linakula nafasi. Juzi mbele ya watu akaniuliza, "Lutfi, hivi wewe unamchorea nani? Bibi yako?" Nikamjibu ndiyo. Ofisi nzima ikacheka.

Amenipa mpaka mwezi wa saba. Isipofika barua hata moja ya msomaji, ukurasa wangu unafungwa. Wewe chana tu, Bibi. Angalau huko kwako zinashika kitu.

Mjukuu wako,
Lutfi


Tanta, 28 Mei 1972

Lutfi,

U hali gani? Miezi miwili kimya, kama umelelewa na ukuta.

Sasa kaa chini usikie. Kuna msichana wa darasa la nne, Inshirah, mdomo kama cherehani. Amenirudishia mbegu. "Hajja, sitaki hizi. Nataka zilizokunjwa kwenye nusu ya pili ya ukurasa huu. Bata ametumbukia kisimani, ametokaje?" Nikamwambia kula mbegu, mwana kelele we! Kesho yake wakaja tisa. Kinyozi Abbas naye kabandika karatasi zangu kuzunguka kioo chote, wateja wananyolewa huku wanamtafuta bata. Askari mmoja alipopelekwa mpakani kulinda Mfereji kaondoka na yake kaitia kwenye kofia.

Nikawaambia: midomo mnayo, mikono je? Andikeni! Wameandika barua thelathini na moja, nimezipeleka posta kwa magoti haya haya.

Na kuchana nimeacha. Sijui kuomba radhi, unanijua. Basi ndiyo hivyo.

Bibi yako


Kairo, 20 Julai 1972

Bibi,

Natumai magoti yamepoa. Mimi niko hospitali ya kifua, ni kupumzika tu.

Ukurasa umefungwa. Nilimuuliza Ustadh mara tatu, akaniapia kwamba haikufika barua yenye jina langu. Bibi, najua umewabuni wale watoto ili unipoze moyo. Ahsante. Ni uongo mtamu kuliko wote niliowahi kupewa. Lakini usinidanganye tena, naumia.

Lutfi wako


Kairo, 3 Agosti 1972

Lutfi!

Tangu lini mimi nikakudanganya? Ulipokuwa mdogo na sura mbaya sikukwambia?

Nimepanda treni, nimeingia ofisini kwa huyo Muharram wako na fimbo yangu. Barua zipo! Zimefungwa kamba chini ya meza ya chai, hata moja haijafunguliwa. Watoto wangejuaje jina lako, na yeye kalifuta, na mimi sikukumbuka kuwatajia? Bahasha zote wameandika "Kwa Mwenye Bata Bukini". Yeye kasema, "Mama, hapa hatuna mtu huyo." Nikamwambia, "Hamna kwa sababu mmemzika angali hai." Nikabeba mzigo wangu.

Nimefika hospitalini kwako, bawabu kanizuia, eti wagonjwa wanaonwa Jumapili. Nimemwachia barua hii akupe leo. Jumapili nakuja na zote. Utazifungua mwenyewe. Kula supu.

Bibi yako, asiyesema uongo


Tanta, 14 Septemba 1972

Mjukuu wangu,

Leo ni arubaini yako.

Jumapili ile nilikuta kitanda kimetandikwa. Ulikwenda alfajiri. Barua yangu ilikuwa bado mfukoni mwa bawabu, alisahau. Sikumpiga. Fimbo ilikuwa nzito ghafla.

Nimegawa mikate ya rehema, sadaka yako, hapa kaburini kwako. Abbas alifunga duka akaja. Inshirah alikuja, akanibebea kikapu cha mikate. Mwisho akaniuliza, "Hajja, bata alitokaje kisimani?" Nikamwambia sijui. Ile nusu nilimkunjia mtu mbegu, simkumbuki, akaondoka nayo.

Wameondoka wote sasa. Barua ziko mapajani. Wajua mimi kwa macho haya nasoma kwa kukokota, herufi kwa herufi, kwa hiyo usinikimbize. Nitakusomea moja kila Alhamisi. Leo ya Inshirah. Anaanza hivi: "Kwa Mwenye Bata Bukini, salamu. Je, wewe u mzima?"

Bibi yako