Mama na Breki ya Mbele

Jumatatu, 4 Agosti

Cheni tena. Mafuta taa, mswaki mkuukuu, kitambaa. Nimezungusha gurudumu la nyuma polepole mpaka kila pingili ikatoa tope la muhula mzima, halafu nikapaka oili. Mikono inanuka hata baada ya sabuni.

Shule imefungwa juzi na tayari nyumba hii inanibana. Nilikaa mjini Kabati muhula wote nikifundisha fizikia watoto wanaosinzia, na kitu pekee kilichonitoa kitandani ni hii pikipiki. Kubwa, ya mtumba, imetengenezewa safari ndefu. Nataka kufika Marsabit, nivuke hadi Turkana, nirudi kabla ya kufungua shule. Peke yangu. Sijawahi kutaka kitu hivi.

Mama hupita na ndoo bila kuiangalia. Tangu Kyalo, kaka yangu, afe akiendesha boda mwaka juzi, mama hapandi pikipiki. Soko la Mukuyuni anaenda kwa mguu na kurudi na mzigo kichwani. Hajanikataza safari. Amesema tu hatanipa baraka. Na bila baraka yake siendi. Ni ujinga kwa mtu wa umri wangu, najua. Lakini siendi.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Musyoka, fundi wa kuchomea, tangu asubuhi. Vyuma vya kukinga injini vimekaa vizuri. Fremu za masanduku ya pembeni, hapana. La kushoto limelala chini kuliko la kulia. Nikamwonyesha. Akasema barabara ya Marsabit italisawazisha yenyewe. Nilimfanya akate, achomee upya. Alinuna mpaka saa nane.

Watu wanasimama kuangalia. Mzee mmoja aliuliza mume wangu anaipeleka wapi.

Ijumaa, 8 Agosti

Filta ya hewa nimeosha, vumbi jekundu tupu. Injini oili mpya. Nati zote nimepitia na spana, moja moja. Nimefunga kioo kirefu cha mbele, kinga za mikono, na chaja ya simu kwenye usukani. Kesho sina la kufanya, na hilo ndilo linanitia wazimu. Nikikaa chini miguu inacheza yenyewe.

Jioni kitu kimetokea. Mama alileta kigoda, akakaa karibu na pikipiki. Kisha akauliza hii inasimamishwa na nini. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwonyesha diski ya mbele, ile sahani ya chuma, na padi zinazoibana ukivuta breki. Nikamwambia kazi kubwa yote iko hapo. Akainama akaangalia kwa makini. Akauliza mara mbili: ni hapa? Hapa hasa? Nikamwambia ni hapo.

Jumapili, 10 Agosti

Amekubali. Siamini.

Baada ya ibada alikuja na akina mama wa ushirika, saba, na vitambaa vyao vya kichwa. Walizunguka pikipiki, wakaimba, wakaiombea kama vile watu hapa huombea gari jipya au duka. Mmoja alimkemea shetani wa barabara kwa Kikamba mpaka jirani akatoka kuona kuna nini. Mimi nilitumwa jikoni kuweka chai, na niliporudi walikuwa wakisema amina.

Walipoondoka mama alinishika bega. Ananiita mwaitu, mama yangu, kwa sababu nina jina la mama yake. Alisema: "Mwaitu, sasa unaweza kwenda. Nimekufungia kila kitu." Nikaingia chumbani nikalia. Natoka Jumatano.

Jumatatu, 11 Agosti

Nusura nife leo.

Nilijaza masanduku mahindi yapate uzito wa safari, nikatoka kujaribu. Ule mteremko wetu wa kwenda mtoni. Nikavuta breki ya mbele na hakukuwa na kitu. Mkono unavuta, pikipiki inakwenda. Nikakanyaga ya nyuma, nikashusha gia, tairi ikateleza, nikaacha barabara nikaingia kwa shamba la mbaazi la watu. Ndilo lililonisimamisha. Goti limevimba. Sanduku la kulia limebonyea.

Nilikaa kwenye mbaazi. Halafu nikaangalia diski. Inateleza. Nikanusa kidole. Mafuta ya saladi, yale ya chupa ndogo ambayo mama hubeba kanisani yaombewe. Si tone. Alimimina. Padi zimeyanywa mpaka ndani.

Niliisukuma mpaka nyumbani kwa saa nzima. Mama aliuliza mbona nachechemea. Nikasema nimeteleza.

Jumanne, 12 Agosti

Nina hasira na sijui niiweke wapi. Nimeosha diski kwa petroli, mara nyingi. Padi hazioshiki, lazima mpya. Nimeagiza Nairobi. Safari ya Jumatano imekufa. Likizo inaisha huku nikiwa nimekaa kwenye ndoo.

Nikimwambia, nitamvunja. Alizika mtoto mmoja, halafu asikie karibu azike wa pili, na ni kwa mkono wake. Nikinyamaza, ninaenda na baraka yangu mfukoni na hakuna anayeumia. Nimeamua kunyamaza.

Alhamisi, 14 Agosti

Siwezi kunyamaza. Asubuhi mama amesema kwa furaha kabisa kwamba siku nikiondoka atapaka tena, pale pale, yasikauke njiani.

Nikamwambia. Niliyasema vibaya, haraka, kama ninavyomfokea mwanafunzi. Mafuta na breki havikai pamoja. Nilianguka. Ni yale mafuta.

Aliangalia mikono yake. Akasema, "Wewe ndiwe ulinionyesha pahali." Kisha akaingia ndani akafunga mlango. Ni kweli. Nilimwonyesha mwenyewe, na sikumuuliza anauliza kwa nini.

Jumamosi, 16 Agosti

Padi zimefika. Nimezifunga, nimesafisha diski kwa spiriti, nimejaribu uani. Inashika. Furaha hakuna.

Mama haongei. Anapika, anaweka sahani, anaenda. Leo hata kwa mazoezi ya kwaya hakwenda. Akiniita ananiita Mwalimu. Hajasema nisiende. Hajasema niende. Baraka ya Jumapili sijui kama bado ipo au ilibaki kwenye mbaazi. Nimefungua na kufunga masanduku mara ngapi leo, bila sababu. Ninaweza kuwasha sasa hivi niondoke. Nimeshika ufunguo tangu mchana na siondoki.

Jumatatu, 18 Agosti

Naandika Kabati, kwenye hoteli ya chai mkabala na soko. Chapati baridi. Sijali.

Kulipokucha mama alitoka akiwa amevaa sweta na viatu vya kanisani. Akasema nimpeleke kwenye mteremko. Nikadhani anataka kutembea nami mpaka pale. Akasema, si kwa mguu.

Nilimvika helmeti yangu. Sikuwa na nyingine. Alipanda vibaya, akakwama kwenye sanduku nililolipakia tangu Jumamosi, akashika koti langu kwa mikono yote miwili. Nilikuwa nasikia anavyopumua. Tulishuka polepole. Katikati, pale pabaya, akasema, "Simamisha." Nikavuta breki ya mbele peke yake. Ikashika. Tukasimama wima kwenye ule mteremko, yeye amenilalia mgongoni.

Akasema, "Tena." Nikaachia, tukashuka kidogo, nikavuta. Ikashika. Tena. Ikashika. Alinisimamisha hivyo mpaka mtoni.

Akashuka. Akanirudishia helmeti, akafuta kioo chake kwa leso kwanza. Nikamwambia nimrudishe nyumbani. Alikataa, akasema miguu yake inatosha, na nikifika Kabati nipige simu. Alianza kupanda. Nami nikaenda.

Nimepiga sasa hivi. Aliuliza kama nimekula. Nikasema nakula. Akauliza Marsabit iko mbali kiasi gani kutoka hapo nilipo. Nikamwambia ni mbali sana, mama.

Akasema basi nisikawie hapo.