Nilimuambia Patron Wangu Eti ni Antene

Mama Huguette wa redio, nakusalimia na heshima yote, mi ni kijana yako wa hapa Kalemie, kwetu kwenye biro ya kazi tunakusikilizaga kila emisyo yako, na hii barua naiandika juu ya kuongea mbele ya watu mi sijue, mudomo unajifunga, sasa nifanyie huruma Mama, uniambie njia, juu kuko neno limenikaa kwenye shingo na muntu mwenye nitakiwa kumuambia hilo neno ni muntu ninamupenda sana.

Nafanya kazi kwa Papa Ramazani, njo patron wangu. Unamujua, kila muntu Kalemie anamujua, ule mwenye mitumbwi ya motere na makamyo ya kwenda Manono, watoto wa bandari wanamuitaga Bilionea na yeye anachekaga, anasema, «Bilionea wa franka, wanangu, siyo wa dola, musinitafutie wezi.» Ule muzee njo alinilea. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye mutumbwi wake kule Zongwe, baba akakufa na homa, Papa Ramazani akafika kwenye kilio akaniangalia akasema huyu atakulaka kwangu, njo hivyo, akanipandisha kwenye mutumbwi. Shule nilifika paka primeri ya tatu, siyo kosa yake, alilipa minerval yote, feza ya shule, ni mi nilikuwa naogopa mwalimu.

Sasa pale vita ilianza kusukuma watu wa Uvira na Baraka wanashuka huku kwetu na mitumbwi, kulikuwa kampuni ya mutandao hapa, inaitwa Ng'ambo, ni vijana wawili wa inivesite walikuwa wameitengeneza. Unafungua kwenye telefone, unasema odio yako, na watu wa Kalemie na Moba na Zongwe wanaisikia. Umepoteza mutoto kwenye mbio, unasema jina lake. Mutumbwi umefika, unasema. Samaki ndakala zimekuwa mingi, unasema. Lakini wale vijana mazuti ya kuwashia mashini iliwashinda, inazimika kila mara, Papa Ramazani akainunua yote, na watu bandarini wakasema muzee ameshikwa na wazimu, ananunua sauti za watu, sauti unaitia kwenye gunia gani.

Siku aliingia kwenye biro aliingia na kitunga ya ndakala za kukaanga, akagawia kila muntu, kisha akaleta matela yake ya kulalia, akalala palepale, akasema mwenye mutumbwi analalaga ndani ya mutumbwi. Mama, usimufikirie vibaya. Kuko mama moja wa Uvira alipata watoto wake wawili kule Moba juu ya Ng'ambo, Papa Ramazani akatuma mutumbwi wake kuwachukua, na pale walishuka alilia mbele ya watu wote mupaka akapanguza mafua na kofia yake ya swala. Na aliamuru sauti yake ifike ya kwanza kwenye telefone zote kila asubuhi, mbele ya sauti ya muntu yote, unafungua tu unasikia, «Amukeni, Kalemie, mi niko na njaa, na nyinyi?» Wamama wa soko walikuwa wanacheka mupaka wanashikilia meza.

Lakini kulikuwa wasichana wa kusikiliza, mukubwa wao anaitwa Angélique. Kazi yao odio ikija wanaisikiliza kwanza, na kama ni ya kifo wanaiweka pembeni, wanatuma watu kwenye nyumba ya wafiwa. Wewe Mama unajua desturi yetu, kifo hakiambiwi kwa telefone, wanaenda watu wawili kwa miguu, moja awe muzee, wanafika, wanaomba maji, wanakunywa pole pole, na mwenye nyumba akiona wawili wanaomba maji moyo wake unaanza kujikalisha mbele neno halijatoka. Papa Ramazani akawaambia, «Munakuwa polisi ya midomo ya watu? Vita inakimbia, na habari ikimbie.» Angélique akamujibu, «Papa, kuko habari zenye mabawa na habari zenye miguu tu.» Akacheka, «We Angélique ungekuwa sista.» Hakuwafukuza vibaya, aliwatia kwenye kuuza tiketi za mitumbwi, lakini kusikiliza kukaisha.

Kisha akaanzisha majina. Kila asubuhi kisha ya kuchekesha watu, anasoma majina ya wenye wamekufa na vita, yale yanafika kwa odio, anasoma na sauti ya upole, na nia yake ilikuwa nzuri, alisema hapa kwetu muntu asikufe kimya kimya kama mbuzi.

Asubuhi moja alinituma mandazi kwa Mama Mwanamisi, ule anakaangiaga kwenye mulango wa bandari. Mama Mwanamisi njo alikuwa anamupenda Papa Ramazani kupita wote. Kulikuwa mudereva mwenye kufungua telefone, Mama Mwanamisi akamuambia, «Ongeza sauti, baba, huyu muzee ananifungulia siku.» Mudereva akaongeza. Papa Ramazani akasema ana njaa, tukacheka, kisha akaanza majina, na la pili lilikuwa Aboubakar, mutoto wa Mwanamisi, fundi wa motere, risasi ilimukuta kwenye mutumbwi karibu na Baraka akibeba wakimbizi.

Mama Mwanamisi hakulia. Alitoa mandazi yote kwenye mafuta, moja moja, isiungue, akaondoa kuni, akamwagia jiko maji.

Mi nilikuwa nimesimama pale na sahani.

Kwenye kilio Papa Ramazani alipeleka gunia ya muchele na mbuzi, wakamushukuru, lakini hakuna muntu alikaa kwenye mukeka wake, alikaa peke yake mupaka akasimama, na ule muchele haukupikwa, niliuona na macho yangu, gunia lilibaki na kamba yake. Hakuna mwenye alimuambia kitu. Watu wanamuogopa na wanamuheshimu na wengine wanakula kwake. Lakini sasa asubuhi hakuna mwenye anafungua Ng'ambo, wanangoja sauti yake ipite, wamama wanafunika telefone na kitambaa, na hata wenye kutafuta watoto wao wanaogopa kusikiliza, na ile kazi nzuri yote inakufa.

Na yeye anaona. Siku moja alinikalisha, akasema, «Yassine, we unaangaliaga kila kitu kama paka ya soko, niambie, watu wangu wameenda wapi? Nimewakosea wapi?» Mama, aliniuliza vizuri, na sauti ndogo, sijawahi kumusikia na sauti ndogo. Nikafungua mudomo, nikasema, «Papa, pengine ni antene.»

Uso wake ukafunguka kama mugonjwa mwenye wamemuambia ni malaria tu. Akanipiga kwenye bega, «Ah, antene. Antene tutaipata.» Na sasa ameuzisha mutumbwi wake wa kwanza, Mapendo, ule baba yangu alikuwa anafanyia kazi, ameagiza antene kubwa kule Kigoma, itapandishwa kwenye kilima, na majina yatafika vizuri mupaka kwa mama wa mwisho wa Zongwe na Moba, na vita haijaisha, na vijana wa kule wote wako kwenye mitumbwi.

Nilifikiri nitume odio kwenye Ng'ambo na sauti ya kubadilisha. Kisha nikafikiri wewe Mama usome hii barua kwenye redio, juu patron anakusikilizaga, atajisikia mwenyewe na mi sitasema kitu. Ao nimuambie mwenyewe? Na nikimuambia akanifukuza, Mama, mi sina baba mwingine.

Ni mi kijana yako, Yassine, wa mutaa wa Kataki.

*

Yassine mutoto wangu,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaitia kwenye mukoba, nikaenda kupika, nikaitoa tena. Sikuisoma kwenye redio na sitaisoma, mupaka siku ule patron wako ataniambia mwenyewe, «Huguette, soma.» Wewe una moyo muzuri na macho mazuri. Sasa ngoja nikugombeze.

Antene! Muntu analia jino, wewe unamufunga bandeji kwenye muguu, na kwa sababu anakuamini anatembea na hiyo bandeji mupaka Kigoma. Alikuuliza na sauti ndogo. Unajua muntu kama ule anatoa wapi sauti ndogo? Ameitafuta siku mingi. Na wewe ukamurudishia chuma.

Na unataka mimi nimusomee kosa yake kwenye redio, yeye amekaa kwenye biro na kikombe chake mukononi, wafanyakazi wake wanamuangalia. Yassine, fikiria vizuri. Hicho njo kile yeye alimufanyia Mama Mwanamisi. Unataka sasa mimi nimufanyie yeye, na wewe usimame pale na sahani mara ya pili.

Sitafanya.

Nikuambie namna mi namuona patron wako. Siyo muntu mubaya. Ni muntu mwenye sauti kubwa aliyetuma wenye masikio kuuza tiketi. Wakubwa wengi wanaharibikaga hivyo: wananunua kitu kizuri, wanakipenda kweli, wanalala ndani yake na matela, na kwa kukipenda wanafikiri kila mulio ndani yake ni wao. Hakuna mwenye anamuambia «punguza kidogo, Papa.» Na sisi wengine tunafanya nini? Tunakula ndakala zake, halafu kwenye kilio tunamuachia mukeka peke yake. Nami nilikuwa kwenye ule kilio. Nilimuona amekaa, nikageuza uso. Tulisema ni adabu. Kumuachia muntu muzima bila kumuambia kosa yake, hiyo siyo adabu, ni kumutupa.

Basi utamuambia wewe, na utamuambia vile habari nzito inaambiwaga hapa kwetu.

Telefone yako uiache nyumbani. Usimuendee kwenye biro, umungoje akirudi swala ya alasiri, akae kwenye kibaraza chake. Muende wawili, moja awe muzee. Muombe maji. Mukunywe pole pole, hata kama huna kiu, umuachie nafasi ya kuwaangalia. Ataelewa kuko kitu. Halafu, wewe, siyo muzee, wewe njo useme. Usianze na «watu wanasema». Watu wakisema ataanza kutafuta maadui. Sema, «Papa, mi nilikuwepo.» Umuambie mandazi. Umuambie ni yeye Mama Mwanamisi alisema ongeza sauti. Umuambie muchele haukupikwa. Na ile ya antene, umuambie ulimuongopea kwa sababu ulimuogopea. Mudomo ukijifunga, ungoje, utafunguka. Hakuna mwenye amewahi kukufa na kimya kidogo.

Atapandisha sauti. Muache apandishe. Usiondoke. Muntu akipewa kilio anapiga kelele, na wenye walimuletea habari wanabaki wamekaa, hiyo pia ni desturi, wewe unaijua.

Akinyamaza, umuambie hivi: Mama Mwanamisi mupaka leo hakuna muntu amemuambia mutoto wake amekufa. Aliambiwa na aparei, telefone ya mudereva. Ile habari bado haijafika kwake kwa miguu, na mwenye aliirusha njo anapaswa kuitembeza. Aende kwake bila gunia, bila mbuzi, bila wafanyakazi. Afike kwenye jiko lake pale mulangoni, aombe maji, aseme, «Mama, nimekuja juu ya Aboubakar.» Imechelewa, ndiyo. Tumeishazika watu wengi mwaka huu bila hata muili, kuchelewa siyo kitu cha kutuzuia.

Kisha Angélique arudi kwenye kusikiliza. Majina ayasome, ni vizuri ayasome, lakini ni yale tu ambayo miguu imeishafika kwao. Antene ikifika ipandishwe, haina kosa, kuko wamama wa Uvira bado wanatafuta watoto.

Unasema akikufukuza huna baba mwingine. Mutoto wangu, ule muzee alikukuta kwenye kilio akakupandisha kwenye mutumbwi wake mbele hujajua kusema asante. Sasa ni yeye amekaa kwenye kilio peke yake. Nenda umupandishe. Na akikufukuza kweli, basi kwangu kuna kiti na kuna ugali, na yeye mwenyewe atakuja kukuchukua akiwa na njaa.

Sasa kuhusu muzee wa kuenda naye. Huyu mwenye amekuletea hii barua ni bwana yangu, Papa Lambert. Alifanya kazi ya treni miaka mingi, yeye na patron wako wamejuana tangu walikuwa wanagombania mupira mbele ya gare ya treni, na Papa Ramazani hajawahi kumupandishia sauti, anaogopa Lambert atacheka. Ametembea kutoka kwetu mupaka Kataki na hili jua, na atakuomba maji.

Mupe. Muache akunywe, amalize. Halafu vaa viatu.

Mama Huguette