Droni imeninasa kwenye misuko

Shoga, nimenaswa. Droni imejisokota kwenye nywele ulizonisuka juzi, na niko dukani nimekalishwa kwenye kigoda, watu wananitazama.

Nilikuja kumchagulia mtoto wa dada zawadi, leo anatimiza miaka minane. Muuzaji akaniuliza, "Dada, umeshawahi kurusha?" Nikaona haya, nikasema ndiyo. NIKASEMA NDIYO! Basi akaiweka pembeni ile ya wanaoanza, yenye vikinga vya yale mapanga yanayozunguka, akanipa ya wazoefu nijaribu.

Ikapaa hadi darini, kisha ikanigeukia mimi mwenyewe.

Sasa muuzaji ameshika mkasi. "Tukate nywele au tuvunje mapanga, dada yangu? Ila ukivunja, umenunua."

Mama mmoja nyuma yangu akadakia, "Nywele zitaota, mwanangu. Hayo mapanga hayaoti."

Nina hela ya droni moja tu. Tukivunja hii, mtoto atapewa droni isiyoruka.

Nimemwambia akate. Misuko mitano ya mbele, shoga. Saa sita zako zile za kunisuka! Nisamehe.

Halafu nikajikaza nikasema, duka zima likasikia: "Kaka, sijawahi kurusha hata siku moja. Nipe ile ya wanaoanza."