Katikati Iko Moja

*Barua imesomwa Jumamosi asubuhi katika kipindi cha ushauri redioni, na Mama Ernestine amejibu.*

Mama Ernestine, mushauri wetu mupendwa, naomba musaada, na kuomba minye sikuzoea, kawaida bantu njo wananiomba, kwa hiyo usome polepole na usifiche jina langu. Ni minye Libérat Habonimana, fundi wa mawe, miaka sabini na moja, na barua hii naandika na mukono wangu mwenyewe, hakuna muntu alinishikia kalamu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu kule Runingu lakini mwalimu alisema hesabu zangu zinapita za wakubwa.

Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, hapa Uvira iko ndefu, inatoka ku barabara inaenda kuishia chini ya mulima, na baba yetu aliigawa vizuri: mbele minye, katikati ndugu yangu mudogo Onesphore, ule menuisier, fundi wa mbao, na nyuma kabisa iko kanyumba ka mbao. Nyumba yangu ya mbele inajulikana. Niliijenga na mawe ya mto, unene wa kuta ni toka vidole mpaka kiwiko, nikaiinua juu na ngazi tisa, bantu wakanicheka, "Libérat, unajenga kanisa?", kiisha ukafika ule mwaka mto ulitoka na kushusha matope mu kartie, mutaa wetu wote, nyumba ngapi zilienda, yangu ikabaki imesimama, hata glasi mu kabati haikupasuka. Ya Onesphore ilikuwa ya matofali mabichi. Ilianguka asubuhi, sisi wote tunatazama, na kweli nilikuwa nimemwambia mara tatu achanganye mawe. Kwa hiyo siku majirani walikuja kumupa pole nikasema, "Mumuulize sasa nani ni fundi hapa." Bantu walicheka kidogo. Nilisema ukweli. Toka siku ile Onesphore hanipi hata bonjour, akajenga tena palepale katikati, nami sikumufuata, juu ya kuwa minye njo mukubwa.

Sasa tatizo. Muke wangu Pudentienne alianguka ku ngazi mwaka uliopita, ile ngazi ya saba, akavunjika mufupa wa nyonga, na ngazi tisa hawezi tena kupanda, kwa hiyo anaishi kule nyuma mu kanyumba ka mbao kwa sababu iko chini, haina ngazi. Minye nabaki mbele, kwa sababu salo, chumba cha wageni, haiwezi kubaki peke yake. Siku alitoka hospitali tulikuta ku mulango wa nyuma fimbo mbili za kwapani, mbao nyekundu, zimepigwa randa mpaka zinateleza kama sabuni. Nikajua ni mukono wa nani. Hakuniambia kitu, nami sikusema merci.

Tuko na mutoto musichana, Délice, eko sista kule Kameruni, na tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane, Kupalizwa Mama Maria, ataweka nadhiri zake za daima. Masista watapitisha misa ku simu, picha na sauti. Mama yake hajamuona miaka sita. Kusafiri hawezi. Na kule nyuma chini ya mulima rezo ya simu iko mubaya sana, sura ya mutoto inabaki imefunga macho na mudomo wazi, sauti inafika vipandevipande, Pudentienne anasema afazali barua.

Mutoto wangu wa kwanza, Achille, akanunua wifi ya nyumba, antena juu ya paa yangu, na akatuma visanduku vitatu vyeupe, vizuri, kila kimoja na taa yake. Niliviweka vyote vitatu ku buffet mu salo, kimoja kimoja juu ya kitambaa Pudentienne alishona, na kitambaa kingine juu kwa sababu ya vumbi. Hakuna nyumba mu kartie iko navyo. Wageni wakiingia wanauliza kwanza. Na mu salo yangu rezo ni moto, Délice namuona kila Jumapili kama amekaa mu kiti. Lakini ukishuka ngazi, inakufa.

Nikaita Toussaint, kijana wa rezo. Akafunua vitambaa, akacheka, akasema, "Papa, umeketisha bapashaji habari batatu ku meza moja. Nani atapeleka habari nyuma?" Akaeleza, hivi vinapokezana: cha kwanza kinabaki karibu na modemu, cha pili kinaenda katikati, cha tatu kwa mama.

Nikamuuliza, "Katikati wapi?"

Akaonyesha na kidole dirisha ya Onesphore.

Nikasema, "Pale hapana. Tafuta katikati ingine."

"Papa, katikati iko moja."

"Nitoboe ukuta kwanza tuone?"

"Hata ukitoboa. Kile cha nyuma kitabaki mbali."

Nikamufukuza. Minye nimejenga nyumba arobaini mu maisha yangu, mutoto wa juzi atanifundisha katikati? Nikaenda kwa Pudentienne, nikamwambia, siku ya misa nitakubeba mugongoni mpaka salo. Akanitazama hivi. "Libérat, ulinibeba siku ya ndoa yetu, tukaanguka wote wawili mu majani ya migomba, wapishi wakaona. Siku zile nilikuwa na mifupa mingi. Leo imebaki ya kuhesabu." Nikasema niko bado na nguvu. Akasema, "Nguvu uko nayo. Magoti hauna."

Basi nikafanya yangu. Cha tatu nikakipeleka kwa Pudentienne, kikawaka nyekundu. Cha pili nikakifunga juu ya muti murefu nilisimika upande wangu wa parsele, nikakifunika na ndoo, nikavuta ralonji, waya ndefu ya umeme, toka salo. Siku mbili kilisimama. Kilisaidia kitu? Kidogo. Siku ya tatu upepo wa ziwa ukakuja, muti ukalala juu ya paa ya Onesphore, ndoo ikapiga mabati, kuku zikakimbia. Onesphore akatoka. Akatazama muti, akatazama minye niko juu ya ngazi zangu. Akaokota kisanduku, akapangusa matope na shati yake, polepole, akakiweka ku dirisha yake ili kisikanyagwe, waya bado imeshikana na ralonji, na akarudia kazi yake.

Nikabaki nasimama, maana sikutaka kuenda kuchukua akiwa anaona. Dakika tatu hivi. Ghafla nasikia Pudentienne kule nyuma anapiga kelele, "Libérat! Libérat! Namuona Délice! Anasogea! Anacheka!" Na kweli alikuwa ku simu na mutoto.

Mama Ernestine, hapa njo sijalala vizuri. Nilishuka, nikaenda ku dirisha ya Onesphore, nikavuta kisanduku, nikakirudisha ku buffet. Sikutaka bantu waseme kwamba rezo ya Libérat inapitia kwa Onesphore.

Nikaenda nyuma. Pudentienne alikuwa bado anashika simu, sura ya mutoto imeganda. Hakunitukana. Akasema tu, "Anavaa miwani. Toka lini anavaa miwani?" Nikasema toka Pasaka. Akasema, "Weye unamuona kila Jumapili na hukuniambia." Akageukia ukuta. Toka siku ile ananijibu ndiyo na hapana, na muke huyu ananisemesha miaka arobaini na mitatu bila kupumua.

Swali langu ni hili: je, iko kisanduku chenye nguvu zaidi, kinaweza kuruka nyumba ya muntu bila kumugusa? Achille atanunua. Nijibu mbio, tarehe kumi na tano iko karibu.

Ni minye,
Libérat Habonimana, fundi

Mama Ernestine anajibu

Papa Libérat, barua yako nimeisoma polepole kama ulivyotaka, na jina sikuficha. Mwandiko wako ni mzuri. Sasa keti, maana mimi ngazi zako tisa sitazipanda kukubembeleza.

Nimemuuliza fundi wa redio yetu juu ya hicho kisanduku cha kuruka nyumba ya mtu. Amesema Toussaint alikueleza sawa kabisa, na ungemlipa soda badala ya kumfukuza. Amesema pia njia nyingine ipo, kuvuta waya wa rezo ndani ya bomba chini ya udongo mpaka kule nyuma. Sitakuambia bomba hilo litapita mbele ya mlango wa nani. Parsele unaijua kuliko mimi.

Nyumba yako ni imara, hakuna anayebisha. Ukuta uliozuia mto unazuia na rezo pia, haujui kuchagua. Hilo si kosa lako. Kosa lako ni lile la dirishani. Mama aliyekaa miaka sita bila kuona uso wa mtoto wake alikuwa anamwona akicheka, na wewe ukashuka ukang'oa kisanduku ukakifunika kitambaa. Kwa sababu ya nini? Bantu waseme nini? Papa, hata mimi nilipofika hapo niliweka barua chini, nikaenda kunywa maji.

Halafu umeandika jambo lingine ukalipita haraka haraka. Mtu amepoteza nyumba, majirani wamekuja na pole, na kaka yake mkubwa anasimama kuuliza nani ni fundi. Unasema ulisema ukweli. Ndiyo, matofali mabichi yalikuwa matofali mabichi. Lakini siku ile hakuna aliyekuuliza habari za matofali. Mdogo wako alikuwa anatafuta kaka, akapata fundi.

Sasa mtazame huyo unayesema hakupi hata bonjour. Mke wako amevunjika, yeye amechonga fimbo mbili na kuzipiga randa mpaka zikawa kama sabuni. Mti wako umeangukia paa lake, ameokota kitu chako akakipangusa na shati lake mwenyewe. Papa Libérat, huyo mtu anakusemesha miaka yote. Wewe ndiye ulikuwa hujibu.

Na unajua kwamba Onesphore ana redio katika karakana yake? Simfahamu, lakini menuisier gani hana redio? Uliniambia nisifiche jina. Basi sasa hivi unaposikia, naye anasikia, na majirani wale wale wanasikia. Ulimcheka mbele ya watu. Kwa hiyo kazi ngumu, ya kukiri mbele ya watu, barua yako imekwisha kuifanya, imebaki ile rahisi. Fanya hivi, na ufanye leo, usingoje kesho.

Zima redio, shuka ngazi, nenda kwake. Usichukue kisanduku. Ukienda nacho atafikiri umekuja kuomba dirisha. Mwambie maneno mawili tu: "Siku nyumba yako ilianguka, nilikukosea," na "Merci kwa fimbo." Usiongeze habari ya mawe. Usiongeze hata kidogo! Akinyamaza, nyamaza naye. Akikupa kiti, kaa.

Kisha, akikubali, mwombe akuchongee kirafu kidogo cha mbao ukutani kwake, juu, upande wa dirisha. Yeye ndiye fundi wa mbao, mwachie kipimo chote. Hapo ndipo kisanduku cha pili kitakaa, na umwambie wazi kwamba rezo hiyo ni yake pia, watoto wake waitumie bila kuomba. Ukitaka kumpa ruhusa kila asubuhi kama chifu, usianze hata kidogo.

Kisanduku cha kwanza kitoe kwenye buffet, kisogeze kwenye dirisha la salo linalotazama nyuma. Vitambaa viondoe vyote, vinapata joto kama mtoto aliyefunikwa blanketi mchana. Cha tatu kiwe chumbani kwa Pudentienne, juu ya meza, upande unaotazama nyumba ya Onesphore, si chini ya kitanda wala nyuma ya sanduku la bati. Toussaint umrudishe, umwombe radhi, atembee na simu kutoka salo mpaka kitandani kwa mama akiangalia rezo inapodhoofika. Mfanye jaribio Jumapili mbili kabla, saa ile ile ya misa. Na kwa kuwa courant yetu, yaani umeme, inajiendea inavyopenda, tafuteni betri ijazwe siku moja kabla. Visanduku hivyo havili sana, lakini kimoja kikizimika, vyote vimezimika kwa Pudentienne.

Jambo la mwisho, na hili halihusu rezo. Mtu aliyejenga nyumba arobaini ana mkewe nyuma ya parsele kwa sababu ya ngazi tisa, naye amebaki mbele kulinda buffet. Mawe hayajaisha mtoni, Papa. Jenga mteremko mrefu, wa kupanda polepole, wenye mahali pa kushika mkono. Mbao za kushikia unajua nani atazichonga. Hautakuwa tayari tarehe kumi na tano, lakini Noeli Pudentienne anaweza kuingia salo yake kwa miguu yake. Hapo wageni watauliza ni fundi gani, na nitakuruhusu ujibu.

Siku ya nadhiri, mwalike Onesphore na mke wake waketi nanyi chumbani kwa Pudentienne. Simu ashike yeye mwenyewe. Na Délice akitokea na miwani yake, Papa Libérat, najua utakuwa na mengi ya kusema. Nyamaza. Mwache mama yake aanze.