Shikamoo Katika Chumba cha Upasuaji

Sofu, Kibaha

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kikohozi cha baba kimeondoka. Ng'ombe ameshazaa? Mimi huku ni mzima kabisa, nakula, nalala, nanenepa. Ukiniona utadhani nimeolewa kwa siri. Joto la Kibaha ni lile lile, na bado sijazoea kulala bila blanketi. Mchicha hununua Mlandizi nikipita, lakini ule wako wa pale mferejini sijaupatia mfano.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako haishiki mpaka uipandishe kule juu kilimani, na ukifika unaniuliza kwa kelele kama nimekula, halafu inakatika. Habari hii ni ndefu na tamu, sitaki ikatike. Anayekuletea ni binti wa jirani yetu mama Elia, anakuja likizo. Mpe chai, ametoka mbali.

Najua ukiulizwa kanisani unasema kazi ya mwanao ni kulaza watu hospitali. Ni kweli, ila kulaza ndiyo sehemu nyepesi. Mtu akishapata dawa ya usingizi hata kupumua anasahau, na sisi ndio tunampumulia. Tunampitishia mpira kooni mpaka kwenye bomba la hewa, tunauunganisha na mashine. Mpira ukigoma kuingia, tuna dakika chache tu za kumpa hewa kwa njia nyingine. Ndiyo maana nikija likizo unaniona nimekonda kidogo, si uvivu wa kupika.

Basi, akaletwa mama mmoja mtu mzima kutoka Chole, kule ndani Kisarawe. Anaitwa Bi Mwanahawa. Ni kungwi, ndiye anayewafunda wasichana wa huko na kuwaimbia siku ya kutolewa nje. Alikuwa na rovu shingoni la miaka mingi, sasa limekua mpaka akilala chali anakosa pumzi. Nilipokwenda wodini kumpima koo alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye Mchaga utakayenilaza?"

"Mimi Mpare, bibi."

"Haya, Mchaga wa Upare. Unilaze vizuri, lakini uniamshe. Nina mwali ndani ananingoja mimi, na sitaki atolewe na mtu mwingine."

Mama, huku sote tuliotoka kaskazini ni Wachaga. Nimechoka kubisha.

Mkubwa wetu wa kazi ni Dokta Mhina, daktari bingwa wa usingizi, mzee wa makamo ya baba. Yote ninayoyajua kanifundisha yeye. Ni mpole, hajawahi kumfokea mtu, na labda ndiyo sababu hakuna anayethubutu kumkatiza. Siku ya upasuaji kazi ya Bi Mwanahawa aliishika yeye mwenyewe, maana tulijua rovu lile litatusumbua. Mimi nilikuwa pembeni yake, nampa vifaa.

Akampa dawa, bibi akalala. Mzee akaingiza kifaa chenye taa, akatafuta njia, mpira ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma. Akainama kwa mara nyingine. Sasa kuna mashine inayobanwa kidoleni, inalia kwa kila pigo la moyo, na oksijeni mwilini ikipungua, mlio nao unashuka, unakuwa mzito. Mimi niliusikia unashuka. Sote tuliusikia, isipokuwa yeye. Mtu akishainama pale, macho yote kooni mwa mgonjwa, masikio anakuwa kama hana. Ukiwa pale unaona kwamba mpira umebakiza kidogo tu uingie, na hicho kidogo ndicho kinachoua.

Nilijua kinachotakiwa: atoe kifaa, aweke barakoa, tumpe hewa. Angekuwa wa rika langu ningesema "toka" na kumsukuma kwa nyonga. Lakini Mzee Mhina? Mbele ya wapasuaji na wauguzi? Wewe na baba mmenilea kwamba mtoto hamkatizi mkubwa bila kumwamkia kwanza, hata nyumba ikiwaka moto. Mdomo ukafunguka wenyewe, ikatoka kwa sauti ya kuchungia mbuzi:

"Shikamoo baba!"

Asubuhi tulikuwa tumeshaamkiana, tena kwa kupeana mkono. Natamani ungeuona uso wa yule mpasuaji! Lakini Mzee Mhina naye ana wazazi waliomlea. "Marahaba mwanangu," akajibu, na akainua kichwa kumtazama anayemwamkia. Alipoinua tu, akausikia mlio.

"Tumpe hewa kwanza, Dokta," nikasema.

Barakoa alikuwa ameshaikamata. Akaibana usoni kwa mikono miwili, mimi nikaminya mfuko wa hewa. Kifua kikanyanyuka. Mlio ukaanza kupanda, ukapanda, ukawa mwembamba wa raha. Mama, wewe na kwaya yenu mnisamehe, hamjawahi kuimba vizuri hivyo.

Mpasuaji alikuwa ameshanawa mikono, yuko tayari. Mzee akamwambia, "Leo hatuendelei. Tunamwamsha." Na kweli tukamwamsha.

Bi Mwanahawa alipopata fahamu alipeleka mkono shingoni, akapapasa. "Mbona bado liko?" Nikajifanya natafuta kitu chini ya kitanda. Mzee Mhina ndiye aliyevuta kiti akakaa karibu yake, akamweleza yote bila kumficha: koo lake limemshinda, na angezidi kulazimisha angemuua.

"Kwa hiyo nimeshinda njaa bure?"

"Bure, bibi."

Akapapasa rovu tena. "Lakini umenirudisha. Nikija tena usilazimishe."

Jioni nikaitwa kwenye chumba cha chai. Nilikwenda nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Mzee akaniuliza, "Asubuhi hukuniamkia wewe?"

"Nilikuamkia, baba."

"Na ile ya pili?"

Sikumaliza kujieleza, akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akasema, "Ungeniambia acha, ningekujibu subiri kidogo. Lakini shikamoo siwezi kuiacha hewani." Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya wote akaweka utaratibu. Mpira ukigoma mara mbili, yeyote aliyemo chumbani, hata anayepiga deki, aseme shikamoo, na aliyeinama lazima aitikie, ainue kichwa na kumpa mgonjwa hewa. Mmoja akauliza kama hata yeye Dokta anahusika. "Mimi hasa," akasema. Wapasuaji walitucheka wiki nzima.

Bi Mwanahawa aliporudi, tulibadili njia. Hatukumlaza. Tulimpulizia dawa ya ganzi puani na kooni, tukamkalisha, ili kamera nyembamba ipitie puani na kuuongoza mpira, yeye akiwa macho anajipumulia. Mzee akasema nishike mimi, kwa kuwa kamera ile mimi ndiye niliyekwenda kuisomea Dar. Yeye akamshika bibi mkono.

Nikaingia. Naona wekundu na makohozi tu, rovu limesukuma bomba la hewa pembeni. Nikarudi nyuma, nikaingia tena. Nikajiambia bado kidogo. Mama, nilikuwa namcheka Mzee moyoni kwamba hakusikia mashine. Mimi wala sikukumbuka kama chumbani kuna mashine.

"Shikamoo."

Sauti ilitoka mbele yangu, ya mtu mzima. Nikadhani ni mawazo.

"Shikamoo mama!"

Ni Mzee Mhina. Mtu wa umri wa baba, ananiamkia mimi, mbele za watu. Ulimi ukawa mzito, maana neno la kuitikia sijawahi kumwambia mtu mwenye mvi tangu nizaliwe. Wote wananingoja. Nikafumba macho. "Ma… marahaba," nikasema, nikainua kichwa, nikatoa kamera. Mlio ulikuwa umeshashuka, na bibi amekodoa macho, ananishika mkono wa gauni.

Tukampa oksijeni akatulia. Tukamvuta makohozi, tukamnyanyua mgongo zaidi, nikamwomba atoe ulimi na avute pumzi ndefu. Nilipoingia safari hii njia ilifunguka, nikaliona bomba la hewa na pete zake nyeupe. Mpira ukaingia. Ndipo tukamlaza. Nililia ndani ya barakoa, na kamasi huwezi kufuta ukiwa na glavu.

Rovu likatolewa salama. Hofu iliyobaki ilikuwa sauti, kwa sababu mishipa yake inapita palepale walipokata. Kesho yake tulikwenda wodini mimi na Mzee Mhina. Wanawake wa Chole walikuwa wamejaa mlangoni na khanga zao.

"Bibi," akasema Mzee, "sema chochote, tukusikie."

Bi Mwanahawa akameza mate. Akashika bandeji. Akamtazama Mzee, akanitazama mimi, halafu kwa sauti yenye mikwaruzo lakini nzima kabisa akasema, "Nina swali. Hivi hapa hospitalini kwenu, wazee ndio wanaowaamkia watoto?"

Wee mama! Vigelegele vilivyopigwa hapo, muuguzi wa zamu alikuja mbio akidhani kuna aliyejifungua. Mzee Mhina alicheka huku analia, na wala hakujificha. Mwali wake ametolewa nje Jumamosi iliyopita, na bibi mwenyewe ameniletea mahindi na korosho: mahindi, sisemi uongo, nimeshayachoma yote yamebaki magunzi, na korosho nimekufungia, ziko kwenye mfuko wa bluu.

Nisalimie dada, mwambie shati la mtoto nitalileta mwenyewe. Nisalimie shangazi wa kule juu na mjomba fundi cherehani, na mchungaji wetu pia. Na baba mwambie taratibu, akiwa ameshakunywa chai, kwamba huku mwanae ameamkiwa na mzee mwenye mvi, naye akaitikia marahaba. Akikasirika, mwambie palikuwa na mtu anakosa pumzi.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Naelijwa