Shikamoo ya Makande

Jumanne.

Mdomo wangu huu utaniua njaa. Jana pale hotelini kwa Mama Namsifu nilimwambia dereva mmoja wa lori kwamba mwenye hoteli ni dada yangu mkubwa. Kumbe mwenyewe kasimama nyuma yangu na upawa mkononi. Na mimi ndiye niliyemzidi, miaka tisa nzima!

Leo nimekaa, nimeagiza makande. Hayaji.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti, wote wasikie, "siku hizi watoto hawaamkii wakubwa?"

Hoteli nzima ikaacha kutafuna. Niliogopa, sitaki kujidanganya. Tangu mke wangu afariki nakula kwake tu, na kwa meno yangu haya manne, makande ya kwingine ni kokoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mwanangu. Umekua jamani!"

Watu walicheka mpaka muuza mkaa akapaliwa. Mama Namsifu akanijazia sahani, na parachichi juu, wala sikuomba.

Aibu ilikuwepo, lakini nimeshiba. Sasa nawaza hapa kitandani: kama udada umeleta parachichi, ubibi si utaleta nyama?