Eleuterio Bogado na Uwanja Ulioliwa na Mto

Ni mwaka mmoja sasa, Eleuterio mume wangu, tangu ukingo ulipomeguka wewe ukiwa juu yake na ndoo ya chokaa mkononi, mto ukakuchukua pamoja na kona ya mwisho ya uwanja wa klabu yetu, Defensores de la Barranca.

Hapa Puerto Candela bado unaonekana. Asubuhi ukungu ukilala juu ya mto Paraná, dada yako Ramona husema mtumbwi wako unapita polepole, umejaa mipira. Mimi sibishi. Nami nakuota hivyo hivyo, miguu yako haijalowa.

Ulizaliwa ndani ya klabu ile. Babu yako na wachinjaji wenzake wa kiwanda cha nyama ndio walioianzisha. Hawakuwa na rangi, wakachemsha jezi nyeupe kwenye sufuria la yerba, majani yetu ya chai, zikatoka kijani cha majani makavu. Sisi wasichana tuliwatania ninyi wachezaji kwamba mnanuka chai ya asubuhi. Lakini mwaka ule mlipochukua ubingwa wa mkoa, nani hakuivaa rangi ile? Hata padre alijifunga kitambaa.

Kazi yako ilikuwa mtumbwi. Mpira ukiangukia mtoni, mechi inasimama, wote wanakungoja, wageni wanakereka. Hukupiga kasia kwa haraka hata siku moja. Uliwaambia watulie, mto haujui kupiga chenga. Halafu unaurudisha, umeufuta kwa shati lako mwenyewe, na kufua nafua mimi.

Kila baada ya mafuriko mto ulikula kipande. Nanyi mkasogeza goli. Ukala tena, mkasogeza tena, mpaka goli la pili likagusa ukuta wa makaburi. Watu wa ligi wakasema uwanja umekuwa mfupi, klabu ikafutwa. Wenzako wakaenda Rosario kutafuta kazi. Wewe ukabaki kupaka chokaa mistari ya uwanja usio na timu. Nilikuambia, mzee, ardhi ile ni ganda tu, chini maji yameshachimba. Ukacheka.

"Mto nao hushiba, Nélida."

Haukushiba.

Nasema nawe, lakini na wengine wasikie. Mwanao Nazareno na wachezaji wa zamani walitaka Jumapili hii wacheze mechi ya kukukumbuka palepale, kwenye kipande kilichobaki. Nilimwambia basi apite juu yangu kwanza.

"Mama, baba angekuwepo angetupakia mistari."

"Angepaka, ndiyo. Ndiyo maana hayupo."

Aliiacha yerba yake ikapoa. Kisha akaenda akang'oa lile goli la upande wa makaburi, akalibeba begani hadi nyuma ya kanisa. Huko ndiko watakakocheza.

Kabla ya mechi tutatupa mpira mmoja mtoni, tukiwa gatini, na hakuna atakayeufuata. Huo ni wako. Usiurudishe.

Nanyi mama wenzangu, mtoto akiwaambia ukingo ni mgumu, jana tu alikanyaga, msimsadiki. Baba yake Nazareno alikanyaga miaka yote. Mpira ukienda na maji, hununuliwa mwingine.

Unakumbukwa na mimi mkeo Nélida, mwanao Nazareno na mkewe Yolanda, dada yako Ramona, na wote waliowahi kuvaa rangi ya yerba.

Daima tutakukumbuka, Eleuterio, tukiwa nchi kavu.